Namna ya kusoma Mhubiri ukatoka na nguvu

Mbukwenyi ndugu zangu. Hii naandika kwa ajili ya wale ambao wamewahi kufungua kitabu cha Mhubiri wakiwa wamechoka na maisha, wakakutana na "ubatili mtupu, mambo yote ni ubatili" pale sura ya 1 mstari wa 2, wakafunga Biblia wakakimbilia Zaburi. Wako wengi sana. Hata makanisani kwetu huku Dodoma utakisikia mara mbili tatu tu, sura ya 3 kwenye msiba, ile ya kuna wakati wa kuzaliwa na wakati wa kufa, halafu sura ya 12 kwenye kongamano la vijana, mkumbuke Muumba wako siku za ujana wako, basi imeisha hiyo. Sura kumi zilizobaki ni kama hazina mwenyewe. Na mimi naamini kabisa kwamba ni kati ya vitabu vinavyotia moyo kuliko vingi kwenye Biblia nzima, ila kinatia moyo kwa njia yake, hakikubembelezi, kinakwambia ukweli kwanza halafu ndio kinakukaribisha mezani. Ukikisoma kama unavyosoma zile stetasi za motivesheni za asubuhi utaumia bure.

Cha kwanza kabisa, kisome chote kwa mkao mmoja. Kina sura 12 tu, mistari 222, haikuchukui saa nzima, na kama macho yamechoka weka sauti kwenye simu usikilize huku unachambua mboga. Nasema hivyo kwa sababu Mhubiri anawaza kwa sauti, anasema jambo, analigeuza, analirudia kwa upande mwingine, kwa hiyo ukichomoa mstari mmoja unaweza kumsingizia kabisa. Angalia watu wanavyopenda 10:19, "fedha huleta jawabu la mambo yote", wanaitamka kwa kujiamini kweli kweli kana kwamba ni ahadi ya Mungu, wakati mzee huyo huyo sura ya 5 mstari wa 10 ameshasema apendaye fedha hatashiba fedha. Sasa ukiwa umesoma chote unajua alikuwa anaelezea jinsi dunia inavyokwenda, hakukwambia uishi hivyo.

Ukisoma mara ya kwanza usitafute faraja. Soma tu umsikie mtu anavyoongea.

La pili, jua anayeongea ni nani. Anajitambulisha kama mwana wa Daudi, mfalme katika Yerusalemu, na mapokeo ya siku nyingi yanasema ni Suleimani, ingawa wasomi wengi wa Biblia wanaona ni mwalimu wa baadaye aliyevaa sauti ya Suleimani ili atufundishe. Mimi sigombani na mtu hapo, kwa sababu kwa upande wa kutiwa moyo jambo la msingi ni lile lile, anayeongea ni mtu aliyepata. Soma sura ya 2 taratibu, amejenga majumba, amepanda mashamba ya mizabibu, amechimba mabwawa ya kumwagilia miti, ana watumishi, ana mifugo kuliko waliomtangulia, fedha, dhahabu, waimbaji wa kiume na wa kike, chochote macho yake yalichotamani hakuyanyima. Halafu mstari wa 11 anageuka anaitazama kazi yote ya mikono yake, anasema ni kujilisha upepo. Angekuwa ni mtu aliyekosa anasema hivyo tungesema ni wivu. Lakini huyu kafika mwisho wa ile barabara ambayo wewe na mimi tunakesha tukiomba tuifikie, na anarudi kutuambia kule mwisho kuna nini. Hiyo ni huruma kubwa sana kwa kweli. Mtu anayelia usiku kwamba ningepata tu kile kiwanja, ningepata tu ile ajira, maisha yangekaa sawa, Mhubiri anampunguzia mzigo, kwa sababu anaanza kuona kwamba amani yake haijafungiwa ndani ya kitu ambacho hana.

Na sisi watu wa Dodoma hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa sura ya 2. Nenda Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza ilikuwa na shida ya mafuta ya kula, wakaja na mpango mkubwa wa karanga, mwaka 1947 matrekta yakaanza kung'oa vichaka vya Ugogo, mibuyu ikaangushwa, wakaleta wataalamu na mitambo, wakapanga maekari kwa mamilioni. Mvua za huku hazikuyasoma makaratasi yao. Udongo ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu, mitambo ikavunjika, karanga zikagoma, na ilipofika Januari 1951 mpango ukafutwa na zaidi ya pauni milioni 30 zimeshapotea. Kila nikipita njia ya Kongwa nakumbuka Mhubiri 2:11. Nakuomba unaposoma sura hiyo ujiulize Kongwa yako ni ipi, yaani ni mradi gani umeubeba kichwani kwamba usipofanikiwa wewe si mtu. Uandike jina lake pembeni ya mstari. Hiyo ni kazi ngumu lakini ndiyo inayofungua mlango.

Sasa tukija kwenye kiini chenyewe. Chukua kalamu mbili za rangi tofauti, au kwenye simu tumia rangi mbili za kuwekea alama. Rangi moja weka pale anapolalamika, nyingine pale anaposema habari ya furaha. Utashangaa. Hizi sehemu za furaha ziko saba na zimesambaa kitabu kizima: 2:24 hadi 26, 3:12 na 13, 3:22, 5:18 hadi 20, 8:15, 9:7 hadi 10, na 11:7 hadi 10. Ukiziweka pamoja unaona zinaongea kitu kimoja, kula, kunywa, kuifurahia kazi yako, kukaa na umpendaye, na kwamba hivyo vyote vimetoka mkononi mwa Mungu, ni zawadi.

Halafu tazama zimekaa wapi, maana hapa ndipo wengi wanapapita. Ile ya 8:15, "ndipo nikasifu furaha", imekuja mara tu baada ya 8:14 anapolalamika kwamba kuna wenye haki wanaopata malipo ya waovu na waovu wanaopata malipo ya wenye haki. Ile ya sura ya 9 imekuja baada ya kusema kwamba mwisho wa wote ni mmoja, mwema na mbaya, wote wanakwenda kwa wafu. Kwa hiyo furaha yake sio ya mtu aliyefumba macho. Ameshaona kila kitu, rushwa, msiba, kazi isiyo na shukrani, na bado anasema kula chakula chako kwa furaha. Na kadiri anavyoendelea anazidi kupata ujasiri, kule sura ya 2 alianza kwa upole tu kwamba hakuna jema kumshinda mtu kuliko kula na kunywa na kuifurahisha nafsi yake kwa kazi yake, ila ikifika 9:7 anatoa amri kabisa, "Enenda zako, ule chakula chako kwa furaha, unywe divai yako kwa moyo wa kuchangamka, kwa kuwa Mungu amekwisha kuzikubali kazi zako." Ule mwisho wa mstari usome mara tatu. Amekwisha kuzikubali. Wewe unayehangaika kama unatosha, mstari huo ni wako. Na habari ya divai najua wengi wetu hatunywi japo mkoa wetu ndio wa zabibu, basi nunua zabibu zenyewe msimu ukifika, kula na watoto, mstari umetimia vizuri tu.

Zoezi la hapo ni hili. Jioni kabla ya kulala andika mambo matatu, leo nimekula nini, nimekula na nani, mikono yangu imefanya kazi gani. Usiandike unataka nini kesho. Andika kama kilivyokuwa, mfano ugali wa uwele na mlenda, nimekula na mama na mdogo wangu, nimefua na nimeuza vitumbua vimeisha. Halafu soma 9:7 kwa sauti ukiwa unaangalia ulichoandika. Mwanzoni utaona kama ni jambo dogo la kitoto. Endelea tu, kwa sababu moyo uliochoka umezoea kuhesabu vinavyokosekana, na Mhubiri anaufundisha kuhesabu vilivyopo bila kudanganya kwamba vinavyokosekana havipo.

Ile mistari yenye rangi ya huzuni usiiruke. Hii nasisitiza maana tuna tabia ya kutaka kumtia mtu moyo haraka haraka, mtu anasema nimedhulumiwa unamwambia Mungu yupo, amina, twende. Mhubiri 4:1 anatazama machozi ya walioonewa, na anasema hawana mfariji, na anaacha hivyo hivyo bila kubandika plasta. Kuna watu mji huu tangu serikali ilivyohamia kwa kasi kuanzia 2016 wamepata kiwanja kikauzwa mara mbili, wamezunguka ofisi hadi viatu vimeisha, na mtu kama huyo ukimpa 5:8, pale anaposema ukiona maskini anaonewa na haki inapokonywa usistaajabie jambo hilo, kuna mkubwa juu ya mkubwa anaangalia, utaona uso wake unabadilika. Hajapata kiwanja chake. Amepata kujua kwamba Biblia inalifahamu jambo lake, kwamba si kwamba imani yake ni ndogo ndiyo maana ameonewa. Hiyo ni faraja ya kweli. Kwa hiyo zile siku ambazo huwezi kuomba, soma mistari ya huzuni kama maombi yako, sema Bwana, haya ndiyo ninayoyaona.

Sura ya 7 nayo, ile ya afadhali kuiendea nyumba ya matanga kuliko nyumba ya karamu, itekeleze kwa miguu. Nenda msibani mapema, sio kupitisha rambirambi ukaondoka. Kaa chini ya turubai, osha vyombo, sikiliza watu wanamkumbuka marehemu kwa mambo gani. Utagundua hawataji cheo sana, wanataja kwamba alikuwa anasalimia watu, alikuwa akichinja anagawa. Unarudi nyumbani unajua kesho ufanye nini.

Sasa sura ya 11. Hii ningeweza kuiongelea hadi jogoo awike. Mtu wa Dodoma anaielewa kuliko mtu wa kule mvua inakonyesha muda wote. Sisi tuna msimu mmoja tu, mwisho wa Novemba au Desemba mpaka Aprili, na hata ndani ya huo msimu mvua inaweza kunyesha wiki ya kwanza ikakata, mbegu ikachomoza ikanyauka, unapanda tena. Mstari wa 4 unasema mwenye kuuangalia upepo hatapanda, naye ayatazamaye mawingu hatavuna. Angalia wazee wetu wanavyofanya, kuna wanaopanda uwele na mtama kabla tone halijadondoka, mbegu inaingia kwenye vumbi kabisa, kwa sababu ukisubiri uhakika msimu unakupita. Na hawapandi kitu kimoja, hapa uwele, pale alizeti, kona ile karanga na njugu mawe, kipande cha kunde, maana mwaka mmoja kitashika hiki na mwaka mwingine kile. Mstari wa 2 ndio huo, gawa sehemu kwa saba hata kwa nane kwa maana hujui ni baya gani litakalokuja juu ya nchi. Na mstari wa 6, asubuhi panda mbegu zako na jioni usiuzuie mkono wako, kwa maana hujui ni zipi zitakazofanikiwa, hizi au hizi, au zote zitafaa.

Watu husikia "hujui, hujui" wakaona anakatisha tamaa. Hebu msikilize kama mkulima. Kwa sababu hujui, panda. Kwa sababu hujui, usijilaumu iliponyauka. Kazi yako ni mkono, mvua ina mwenyewe. Mimi sijaona maneno yanayomfaa zaidi kijana aliyemaliza chuo pale UDOM ametuma maombi ya kazi mpaka bando limeisha, au mama aliyefungua biashara ya tatu baada ya mbili kufa. Na ile Kongwa niliyokwambia, kwenye miaka ya 1960 ikawa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, pale pale palipoaibika mpango wa karanga. Nani angejua? Hujui ni zipi zitakazofanikiwa. Ukisoma sura hii chagua jambo moja ambalo umeliahirisha ukisubiri upepo utulie, lifanye kabla wiki haijaisha, hata kama ni dogo, piga ile simu, peleka ile fomu, panda kile kipande.

Habari ya pesa nitapita haraka. 4:6 inasema heri konzi moja, yaani mkono mmoja uliojaa, pamoja na utulivu kuliko konzi mbili pamoja na taabu. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali, ndiyo konzi ya pili. Ukitaka kukopa soma mstari huo na mwenzi wako, mkae nao usiku mmoja, asubuhi ndio muamue. Na 5:12, usingizi wake kibarua ni mtamu, amekula kidogo au kingi. Unayerudi nyumbani na vumbi la saiti ya Mtumba, kule mji wa serikali, mgongoni, umesikia? Umetajwa kwenye Maandiko.

Sura ya 12 usiisome peke yako, isome na mzee. Ni maelezo ya uzee kwa mafumbo, walinzi wa nyumba wanatetemeka, wenye nguvu wanainama, wasagao wamepungua, watazamao madirishani wametiwa giza, mtu anaamka kwa sauti ya ndege. Niliisoma kwa bibi mmoja jirani yetu Nzuguni, amekaa kwenye mkeka anapepeta mtama, nikafika kwenye wasagao nikataka kumweleza kwamba ni meno, akaniwahi, akafungua mdomo akaonyesha mawili yaliyobaki upande wa chini, akacheka mpaka ungo ukayumba, akasema "kumbe wameniandika". Halafu akaniambia rudia hapo pa ndege, kwa sababu kweli huwa anaamka alfajiri kabla ya watu wote na alikuwa anadhani ni ugonjwa. Sasa ona, huyo bibi ametiwa moyo na mistari ambayo vijana wanaiogopa. Ndio maana nasema peleka sura hiyo kwa wenyewe. Na wewe kijana ukiwa pale mkekani unaelewa kwa nini 11:9 inakwambia ufurahi katika ujana wako huku ukijua Mungu atakuleta hukumuni, vyote viwili kwa pamoja.

Kitu kimoja cha muhimu sana. Kama uzito ulionao umefika mahali huli, hulali, unawaza kujidhuru, au Mhubiri 4:2, pale anapowasifu waliokwisha kufa, unaisoma unatamani uwe wewe, funga kitabu mwite mtu sasa hivi. Mhubiri mwenyewe mistari michache mbele, 4:9 na 10, anasema afadhali wawili kuliko mmoja, akianguka mmoja mwenzake atamwinua, ole wake aliye peke yake aangukapo. Mwambie mtu mzima unayemwamini, mchungaji, padre, na uende hospitali. Hapa hapa Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, na inaniuma watu wanavyolitumia jina hilo kutukania wenzao, wakati kule kuna wataalamu wanaowasaidia watu kila siku. Kwenda kutibiwa hakupunguzi imani yako hata kidogo.

Mkitaka kusoma kikundi, iwe jumuiya, seli au watu wa kikoba, gaweni hivi, wiki ya kwanza sura 1 na 2, ya pili sura 3 na 4, ya tatu 5 na 6, ya nne 7 na 8, ya tano 9 na 10, ya mwisho 11 na 12. Mmoja asome kwa sauti wengine wasikilize bila kuangalia simu. Kabla ya maelezo ya kiongozi kila mtu aseme mstari uliomchoma na mstari uliomlisha, na asiyetaka kusema aachwe. Kiongozi usikimbilie 12:13, mche Mungu nawe uzishike amri zake, kabla ya wakati wake, itunze mpaka wiki ya mwisho, watu wawe wameshatembea njia nzima na mzee huyu ndio wafike. Na kila wiki pawe na chakula, hata kama ni chai na viazi vya kuchemsha, mle pamoja kabla ya kufungua kitabu, kila mmoja alete alichonacho na asiye nacho aje tu.